Karata nzuri, meza mbaya

Nikisema nacheza poka, nusu ya Nairobi hudhani nazungumzia ule mchezo wa kumaliza karata mkononi na kutangaza "niko kadi". Huo naupenda pia, ila leo ni poka ya Texas: karata mbili mkononi, tano mezani, pesa katikati.

Kuna mkono mmoja unaniuma hadi leo. Tulikuwa sebuleni kwa rafiki, South B. Nilishika tisa mbili, ya shupaza na ya uru. Nikapandisha hadi sh300, watatu wakalipa, poti, yaani pesa za katikati, ikawa 1,200. Zikafunuliwa kumi ya kopa, tisa ya kopa na nne ya pau. Tisa tatu! Wenzangu wakapita bila kuweka dau, nami nikagonga meza, yaani nikapita pia, kama mtu asiye na kitu, eti natega. Karata ya nne: mbili ya kopa. Jamaa mmoja mkimya, mwenye ree na tano za kopa, akapata flashi, karata tano za aina moja, bila kutoa hata ndururu. Nilimlipa 800, kisha 2,000.

Ile 800 siijutii sana. Angeweza kuwa anadanganya, na hata kama hadanganyi, karata 10 kati ya 46 nisizoziona zingenipa fulu hausi (tatu za namna moja na mbili za nyingine) au tisa nne, zote zinaipiga flashi: asilimia 22 hivi. Ile 2,000 ya mwisho, baada ya meza kukataa kunisaidia, ilikuwa kiburi tu.

Kosa lenyewe lilikuwa kugonga meza. Mwenye kopa nne, mbili mkononi na mbili mezani, anasubiri moja kati ya tisa zilizobaki, katika karata 47 asizoziona: asilimia 19 kwa karata inayofuata. Nikiweka 300, anahitaji nafasi ya asilimia 17 tu ili kulipa kusimtie hasara, kwa hiyo nimemuuzia kwa hasara. Nikiweka 900, anahitaji 30. Hapo akilipa anakosea, hata kopa ikija. Tena si kopa peke yake: mwenye Q na J, J na 8, au 8 na 7, wote walikuwa wananusa streti, karata tano zinazofuatana. Mtego uache kwa meza kavu, mfano K, 7 na 2 za aina tatu tofauti, ambapo hakuna anayesubiri chochote.

Ree mbili mkononi ni hadithi nyingine. Watu huzikumbatia kama kitinda mimba. Kopa ya tatu ikishaanguka na mtu akaamka na dau kubwa, ree ya tatu haikuokoi, flashi bado inaipiga. Mimi huzitupa, isipokuwa moja yazo iwe ya kopa. Hapo huenda nikalipa mara moja, nikisubiri kopa ya nne.

Jumamosi iliyopita nikapata tena tatu za namna moja, kopa mbili mezani, jamaa yuleyule mbele yangu. Nikaweka 900 kwenye poti ya 1,200. Akalipa. Kopa ikaanguka, akavuta chipsi zangu huku akiniuliza kama chai ipo. Jumamosi hii nitamwekea 900 tena.