LSAT si mtihani wa Kiingereza, wala si wa sheria

Kila mwaka ikifika Juni simu yangu huanza kulia. Leo ni dereva wa lori wa Louisville, kesho muuguzi wa Houston, keshokutwa binti aliyemaliza chuo Dar es Salaam na sasa anakaa kwa dada yake Minnesota. Salamu zikiisha, swali ni lile lile: "Kaka, nisome kitabu gani cha sheria ili nifaulu LSAT?"

Hakuna. Mtihani huu wa kuingia shule za sheria za Marekani hauulizi sheria hata kidogo. Na wale wanaokimbilia kukariri misamiati ya Kiingereza nao huchoka bure, maana aliyesoma chuo kwa Kiingereza miaka mitatu ana maneno ya kutosha. Nimefundisha LSAT jioni na wikiendi kwa muda sasa, wanafunzi wangu wengi wakiwa watu wetu wa Tanzania, Kenya na Congo, na kinachowaangusha ni tabia moja: wanajibu kwa wanachokijua badala ya kilichoandikwa. Nilianguka hapo hapo mimi mwenyewe. Mara ya kwanza nilipata 149.

Kwa msomaji mgeni wa mambo haya: Marekani hupiti kidato cha sita ukaingia kitivo cha sheria kama kwetu. Unamaliza kwanza shahada yoyote, iwe ya kilimo au ya muziki, ndipo unaomba JD, shahada ya sheria ya miaka mitatu. Shule zenye idhini ya ABA, chama cha mawakili cha nchi hiyo, zinakaribia 200. LSAT ulianza kutolewa mwaka 1948, unasimamiwa na LSAC, baraza linaloshughulikia maombi ya shule za sheria, na alama zake ni kati ya 120 na 180. Baadhi ya shule hupokea pia GRE, mtihani wa jumla wa kuingia masomo ya uzamili (Chuo Kikuu cha Arizona kilifungua mlango huo mwaka 2016), lakini LSAT hupokelewa kote, kwa hiyo sioni sababu ya kujibana.

Na kabla hujatoa senti: kama una LLB, shahada ya kwanza ya sheria, ya nyumbani, huenda huhitaji JD. Wengi husoma LLM, shahada ya uzamili ya sheria ya mwaka mmoja, ambayo haidai LSAT, na jimbo la New York lina njia ya kuwaruhusu waliosoma sheria katika nchi zenye mfumo wa sheria wa Kiingereza wafanye mtihani wake wa uwakili. Nimewahi kumfundisha kaka mmoja wiki sita kabla hajanitajia kwamba alikuwa wakili Mombasa. Sikujua nicheke au nimrudishie hela.

Sasa mtihani wenyewe. Una sehemu nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 katikati. Sehemu mbili ni za hoja, moja ni ya ufahamu, na ya nne ni ya majaribio isiyohesabiwa. Hutajua ipi ndiyo hiyo, basi zifanye zote kwa nguvu moja. Kuna pia insha ya kutetea msimamo, inayoandikwa siku nyingine. Haina alama lakini shule huisoma. Wanaouza vitabu vya zamani kwa bei ya kutupa watakuletea vyenye "michezo ya mantiki", ile ya kupanga watu saba kwenye viti saba. Usinunue. Michezo hiyo iliondolewa Agosti 2024, baada ya kesi ya mtahiniwa asiyeona aliyelalamika kwamba ilimlazimu kuchora michoro. LSAC iliafikiana naye mwaka 2019 kutafuta njia nyingine.

Kilichobaki, sehemu kubwa ni hoja, na hoja naifundisha kwa methali.

Chukua "Pafukapo moshi pana moto". Tuseme ni kweli kabisa, bila ubishi. Kinafuata nini? Kwamba pasipo na moto hapafuki moshi. Hilo ni halali, ni sentensi ile ile imegeuzwa mgongo. Lakini nusu ya darasa hunijibu: "Basi penye moto pana moshi." Aliyewahi kuchoma mahindi anajua mkaa ukishakolea hautoi moshi, na moto upo wa kutosha. Wengine husema: "Pasipo na moshi hapana moto." Ni kosa lile lile limebadilisha kanzu. Ukishika jiko kwa imani hiyo utaungua.

Kosa hili moja, la kudhani njia ya kwenda ndiyo ya kurudi, limejaa kwenye LSAT kama mchanga pwani. Litakuja limevaa mambo ya dinosaria, kodi za manispaa, au michoro ya karne ya 17, na ndiyo maana watu hawalitambui. Kwa hiyo kabla ya kusoma majibu, vua nguo hizo. Jiulize: ni lipi limesemwa kuwa lazima, na ni lipi limesemwa kuwa linatosha?

Mfano mwingine wa nyumbani: "Huingii mpaka uvue viatu." Mwanafunzi anasema, nimevua, basi nitaingia. Nani kakuambia? Mlango unaweza kuwa umefungwa, au mwenye nyumba hakutaki. Sentensi inatuhakikishia jambo moja tu, kwamba aliye ndani amevua. Neno la Kiingereza linalobeba maana hiyo ya "mpaka" au "isipokuwa", yaani "unless", huwachanganya hata waliozaliwa Ohio. Sisi tukilipitisha kwenye Kiswahili kichwani, mara nyingi linanyooka. Lugha ya mama hapa ni msaada, na sijui kwa nini watu wanaionea aibu.

Halafu kuna hoja zenye tundu. Mama lishe alikuwa akipikia kuni. Mwezi uliopita amehamia gesi, na tangu hapo wateja wameongezeka maradufu. Kwa hiyo wateja wanapenda chakula cha gesi. Mtihani utakuuliza ni jibu lipi linaidhoofisha hoja hiyo. Usitafute jibu linalosema gesi ni ghali, wala linalosifu ladha ya moshi kwenye wali, hata kama unaliamini kwa moyo wote. Tafuta tundu: msemaji amedhani hakuna kingine kilichobadilika. Jibu likisema kwamba wiki ile ile mafundi wa ujenzi mia moja walianza kazi jirani, umemaliza. Halijathibitisha kwamba gesi haina mchango, limeonyesha tu kwamba kuna maelezo mengine, na swali halikudai zaidi ya hapo.

Kwa nini sisi hasa tunapata shida? Nadhani ni adabu ya mazungumzo yetu. Kwetu msemaji anaacha nafasi na msikilizaji anaijaza. Mwenye macho haambiwi tazama, na anayetaka kuelezwa kila kitu huonekana mzito. Ukizoea hivyo, ukikutana na hoja yenye pengo unalijaza kwa ukarimu bila hata kujua kwamba umelijaza. LSAT inakutaka uwe mgeni asiye na haya, anayeuliza, "Hilo umelitoa wapi?"

Kuhusu mazoezi nitakuwa mkali. Majaribio halisi ya zamani yapo kwenye LawHub, tovuti ya LSAC yenyewe, mengine bure. Mimi nilipojiandaa mara ya kwanza nilimaliza karatasi ishirini na kitu, moja kila jioni, nikahesabu alama nikalala. Alama hazikusogea. Zilisogea nilipopunguza hadi karatasi moja kwa wiki na siku zilizobaki nikazitumia kwenye makosa. Utaratibu wenyewe ni huu: fanya kwa saa, tia alama kila swali ulilolitilia shaka, kisha kabla ya kuangalia majibu yarudie maswali hayo bila saa. Ukikosea kwa saa ukapata bila saa, tatizo lako ni kasi. Ukikosea mara zote mbili, hujaelewa aina hiyo ya swali, na hakuna kasi itakayokuokoa. Kila kosa liandikie mistari miwili kwenye daftari: nilivutwa na nini, na neno gani kwenye karatasi lilitosha kunizuia. Daftari langu lilionyesha kwamba makosa yangu mengi yalitokana na maneno madogo kama "baadhi", "wengi" na "pekee". Mara ya pili nilipata 163.

Jibu la makosa halikatwi alama. Dakika ya mwisho jaza kila kitu, hata kwa kubahatisha. Jipe miezi minne hadi sita kama unafanya kazi, na usikimbilie tarehe: unaruhusiwa kuufanya mara tano katika kipindi ambacho alama zako bado zinatumwa shuleni, na mara saba maisha yote. Shule nyingi hutazama alama ya juu zaidi, ingawa zote wanaziona. Ada inapita dola 200. Kama kipato chako ni kidogo kuna msamaha wa ada, ila uombwe kabla ya kulipa, maana ukishalipa hurudishiwi.

Tukija kwenye maombi, yanapitia kwa LSAC hiyo hiyo, kwenye huduma inayokusanya transkripti, barua na alama na kuzituma kwa kila shule. Jambo la kwanza linalowakwamisha watu wetu ni jina. Nyumbani uliitwa majina matatu, kwenye cheti mawili, na ofisi ya wakimbizi ikayapindua. Jina la akaunti lazima lilingane na kitambulisho utakachoonyesha siku ya mtihani. Rekebisha mapema, hata kama ni herufi moja.

La pili ni transkripti. Chuo cha nje hutakiwa kuituma chenyewe, na LSAC hutoa tathmini yake. Hutapewa wastani wa Kimarekani, utawekwa kwenye daraja la maneno, kutoka bora sana hadi chini ya wastani. Chuo kimoja cha nyumbani kilimchukua mwanafunzi wangu miezi mitatu na safari nne za shangazi yake ofisi ya msajili. Shangazi wa namna hiyo mtafute tangu Mei.

La tatu ni barua za mapendekezo. Mwalimu wetu wa zamani, kwa wema kabisa, atakwambia: "Andika mwenyewe mwanangu, nitie saini." Mkatalie kwa heshima. Hapa mwandishi huipandisha barua mwenyewe, na waombaji wengi husaini kuachia haki ya kuiona. Mtumie muhtasari wa kazi ulizomfanyia darasani, tarehe na mada, ili awe na cha kusema. Barua inayokumbuka hoja moja uliyoibishia darasani ina uzito kuliko ya mheshimiwa asiyekujua.

Na insha ya kujieleza. Kijana mmoja aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, aliniletea kurasa mbili za vita. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na yeye mwenyewe hakuonekana popote. Nilimuuliza ni lini hasa aliitaka sheria. Akafikiri, akasema ni siku alipomtafsiria mama yake ofisini kwa mwenye nyumba, akiwa na miaka kumi na sita. Kwenye mkataba kulikuwa na neno moja alilolitafsiri vibaya, na wakapoteza amana. Basi, andika hiyo. Alipoiandika, ile kambi ilichukua aya moja tu, na msomaji aliielewa zaidi. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya Juni 2023, shule haziruhusiwi kupima mtu kwa rangi yake, lakini mwombaji anaruhusiwa kueleza jinsi maisha yalivyomjenga. Nidhamu ni ile ile ya mtihani: sema kilichotokea, usiache msomaji ajaze pengo kwa huruma.

Maswali ya mwenendo kwenye fomu ya maombi, yale ya kama umewahi kuvunja sheria, jibu yote. Faini ya mwendo kasi ya 2017? Kama swali limeigusa, iandike. Kosa dogo halikuangushi, ila ukilificha, wanaotoa leseni za uwakili jimboni watalikuta miaka mitatu baadaye wakati unaomba leseni.

Shule nyingi hufungua maombi Septemba na kusoma kadiri yanavyoingia, hivyo nafasi na fedha za ufadhili hupungua kila mwezi. Fedha ndiyo sehemu ya kuangalia kwa macho mawili. Shule kubwa za binafsi, ada peke yake imepita dola 70,000 kwa mwaka. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa sheria una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule wa ziada uliokuwa ukiziba pengo umefutwa. Mwenye viza ya mwanafunzi haupati kabisa. Kwa hiyo kila Desemba fungua ripoti ambayo ABA huzilazimisha shule kuitangaza: inaonyesha alama za LSAT za waliopokelewa, wangapi walipewa ufadhili, na wangapi waliupoteza kwa sababu ulikuwa na masharti. Omba shule mbili tatu ambazo alama yako iko juu ya robo tatu ya wanafunzi wake. Huko ndiko hela ziliko.

Ukipata majibu mawili, unaweza kuiandikia ile unayoipenda zaidi na kuomba iongeze ufadhili. Watu wetu huona haya, kama vile ni kubishana bei msibani. Ni jambo la kawaida hapa, na shule zinalitegemea. Aya mbili zinatosha: shukrani, kisha kiasi ambacho shule nyingine imetoa. Ambatisha barua ya shule hiyo, na itume kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa amana ya kushikilia nafasi.