Mtoto wa miaka 12 naye ana mawazo

Uswahilini kwetu, Mbagala hadi Tandale, wengi huamini mtoto wa miaka 12 hana msongo: akinuna ni balehe, atazoea. Imani hiyo ina mzizi, maana balehe kweli hubadilisha tabia.

Ila takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Dalili huwa ndogondogo: tumbo linamuuma mtoto kila asubuhi ya shule. Wali maharage unarudi jikoni haujaguswa.

Wengine hudhani bila daktari bingwa hakuna msaada. Nchini Jordan, watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa waliwaongoza watoto wakimbizi wa Syria wa miaka 10 hadi 14 kwa vikao saba vya kikundi, na wazazi wao kwa vikao vitatu. Watoto walijifunza kupumua taratibu, kuzitaja hisia, kutatua tatizo hatua kwa hatua. Huzuni na wasiwasi vilipungua kiasi, na kwangu hicho si kidogo.

Hakikisha mwenyewe: kwa wiki mbili andika mwanao anavyokula, kulala na kucheza, kisha mwulize mwalimu wa darasa ameona nini. Halafu, mkichambua mchele wawili tu: "Mwanangu, nini kinakusumbua?" Nyamaza, msikilize. Simu ya watoto, 116, ni ya bure.