Kasi ya galaksi ni rahisi kupima, umbali ndio mtihani

Haidrojeni yenye joto hutoa mstari mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, iwe maabarani au kwenye nyota. Pitisha mwanga wa galaksi, yaani kundi kubwa la nyota, kwenye spektromita, kifaa kinachotenganisha rangi za mwanga. Ukiukuta mstari huohuo kwenye nanomita 669.4, mawimbi yamenyooshwa kwa asilimia 2. Zidisha 0.02 kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde: galaksi hiyo inatuacha kwa kilomita 6,000 hivi kila sekunde. Hesabu hii ya mkato inafaa kwa galaksi za karibu tu; kwa zile za mbali sana inapotosha.

Vesto Slipher alianza vipimo hivi mwaka 1912 huko Arizona, Marekani. Galaksi yake ya kwanza, Andromeda, ilikwenda kinyume: inatujia. Ni jirani yetu, na mvutano kati yake na galaksi yetu unaushinda utanukaji wa ulimwengu, yaani kule kuongezeka kwa nafasi kati ya galaksi. Nyingi alizopima baadaye zilikuwa zinatukimbia.

Kazi ngumu ni umbali. Mwaka huohuo wa 1912 Henrietta Leavitt alionyesha kwamba nyota za Sefeidi, ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa zamu, huwa na nguvu zaidi kadiri zamu inavyorefuka. Ukishajua taa ni ya wati ngapi, ufifi wake unakuambia iko mbali kiasi gani. Kwa njia hiyo Edwin Hubble, mwaka 1929, aliona kwamba galaksi iliyo mbali mara mbili hukimbia kwa kasi mara mbili. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa amekwisha kulifikia hilo mwaka 1927.

Tatizo ni namba ya Hubble: kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kila miaka ya nuru milioni 3.26. Ukirudisha mwendo huo nyuma, ulimwengu unapata umri wa miaka bilioni 2 tu, mdogo kuliko Dunia yenyewe! Mwaka 1952 Walter Baade alieleza sehemu kubwa ya kosa: Sefeidi ni za aina mbili zenye nguvu tofauti, na zilikuwa zimechanganywa. Leo namba hiyo ni kati ya 67 na 73, kutegemea njia ya kupima, na umri ni miaka bilioni 13.8. Pengo hilo la 67 na 73 bado linabishaniwa vikali.

Je, huenda galaksi hazitukimbii, ila nuru inachoka tu njiani na mawimbi yake kunyooka? Supanova, yaani milipuko ya nyota, zinakataa. Pale mawimbi yaliponyooshwa kwa asilimia 50, mlipuko nao huonekana kufifia polepole, ukichukua muda mara 1.5. Nuru iliyochoka isingechelewesha saa.

Kuhusu chanzo cha ulimwengu, ushahidi mzito ulitangazwa mwaka 1965. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena ya redio huko New Jersey, Marekani, iliyokuwa na mvumo usiokwisha. Waliwaondoa njiwa waliokuwa ndani yake, wakasafisha kinyesi chao, mvumo ukabaki, sawa kila upande wa anga. Ni mabaki ya nuru iliyotoka ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000 hivi na joto la kelvini 3,000. Tangu hapo mawimbi yake yamenyooshwa takriban mara 1,100. Gawanya 3,000 kwa 1,100, unapata kelvini 2.73; setelaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima takriban 2.73.