Kadi ya Pili Hushindana na ya Kwanza

Mtu akija kwangu na swali la kadi za mkopo, karibu kila mara anakuja na jina la kadi tayari. Kaona tangazo: marejesho ya asilimia 5 kwenye chakula, au pointi 60,000 za kujiunga. Anataka nimwambie tu kama ni nzuri. Mimi namwomba kitu kingine: taarifa za akaunti yake za miezi 12 iliyopita. Mali bila daftari huisha bila habari, na zawadi za kadi nazo ni mali.

Kabla sijaendelea, huu ni ushauri kwa mtu anayelipa deni lake lote kila mwezi, mpaka senti ya mwisho. Riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni asilimia 2 kwa mwezi. Kadi nzuri ya kawaida inakurudishia asilimia 2 mara moja tu, siku uliponunua. Ukibeba deni mwezi mmoja, zawadi imekwisha. Ukibeba wa pili, wewe ndiye unayemzawadia mwenye benki. Na kwenye kadi nyingi, ukishaacha salio bila kulipwa, unapoteza zile siku za kutotozwa riba, hivyo hata ulichonunua leo asubuhi kinaanza kuhesabiwa riba leo hii. Mwenye deni la kadi na alimalize kwanza. Pointi zitamsubiri.

Nimekaa miaka mingi kwenye idara ya kadi, kisha nikahamia upande huu wa kushauri watu, na kosa ninaloliona kuliko yote ni moja. Watu wanapima kadi mpya kana kwamba mfukoni hawana kitu. Wanasema, "Hii inanipa asilimia 5." Siyo. Kama kadi uliyo nayo tayari inakupa asilimia 2 kwenye ununuzi huohuo, kadi mpya inakuongezea asilimia 3. Ada yake ya mwaka lazima ilipwe na hizo 3, maana zile 2 ulikuwa nazo.

Mama mmoja alinijia na kadi moja ya zamani iliyokuwa ikimpa asilimia 1 kwa kila kitu, na orodha ya nne alizotaka kuongeza. Tukakaa na taarifa zake, tukagawa matumizi ya mwaka mzima. Nakupa mgawanyo wenyewe kwa namba za mviringo, na sarafu weka yoyote unayotumia. Jumla ilikuwa 24,000. Chakula cha nyumbani 4,800. Safari 2,400. Mafuta ya gari 1,800. Migahawa 1,200. Yaliyobaki, 13,800, yalikuwa bima, simu, dawa, nguo, fundi, mambo ya shule, vitu vidogovidogo visivyo na kundi lolote.

Akaitazama ile 13,800 kwa muda. "Sasa kaka, hizi nazo kuna kadi yake?"

Hapo ndipo penyewe. Zaidi ya nusu ya fedha zake zilikuwa zinapita mahali ambapo hakuna kadi inayotangaza asilimia 5. Kumhamisha tu kutoka kadi ya asilimia 1 kwenda ya asilimia 2 isiyo na ada kulimwongezea 138 kwenye hilo fungu peke yake, na 240 kwenye matumizi yote. Hatukuwa tumegusa hata moja kati ya zile nne za kwenye orodha yake.

Kisha tukazipitisha moja moja. Kadi ya chakula ilitoa asilimia 5 kwa ada ya 90 kwa mwaka. Yeye alikuwa amekwisha kupiga hesabu: 240 ukitoa 90, faida 150. Nikamwambia atoe na zile 96 ambazo kadi ya asilimia 2 ingempa kwenye chakula hichohicho. Ikabaki 54. Tukasoma masharti, tukakuta asilimia 5 ina kikomo cha 4,000 kwa mwaka, na ukikipita unashuka hadi 1. Kwa hiyo ziada halisi ni asilimia 3 ya 4,000, yaani 120, toa ada, 30. Na hizo 30 atazipata iwapo tu, baada ya kufikisha 4,000, atakumbuka kuirudisha mezani ile ya asilimia 2. Kadi ya migahawa, asilimia 4 bila ada, ilimwongezea 24. Ya safari, asilimia 3 kwa ada ya 150, ilimwongezea 24 na kumla 150. Ya mafuta ilikuwa na zawadi nono, lakini ya vituo vya kampuni moja tu, tena siyo anayopita njiani.

Akaondoka na mbili: ya msingi, yaani ile ya asilimia 2 isiyo na ada, na ya migahawa. Alichukizwa kidogo, nadhani alitarajia kitu cha kijanja zaidi.

Unaweza kuuliza zawadi hizi zinatoka wapi, na swali hili lina faida kuliko linavyoonekana. Ukilipa kwa kadi, mwenye duka hapati bei yote. Anakatwa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo inakwenda kwa benki iliyokupa wewe kadi. Humo ndimo benki inamochota marejesho yako, pamoja na kwenye riba za wale wanaobeba deni. Ndiyo maana ukarimu wa kadi hutegemea sheria za nchi. Umoja wa Ulaya ulikiweka kikomo cha sehemu hiyo ya benki kuwa asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi kuanzia Desemba 2015, na kadi za huko hazina cha kugawa kama zile za Marekani, ambako kikomo cha namna hiyo kwa kadi za mkopo hakipo. Benki Kuu ya Australia iliibana ada hiyo mwaka 2003, na thamani ya pointi za huko ikashuka. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa kadi ulioandikwa na mtu wa nchi nyingine, chukua njia yake ya kufikiri, namba zake mwachie.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaliza watu: nani anaamua kwamba ulichonunua ni chakula? Siyo wewe, wala si risiti yako. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi ana msimbo wa tarakimu nne unaoeleza aina ya biashara yake, na kompyuta ya benki inasoma huo tu. Duka la vyakula la kawaida ni 5411. Mgahawa ni 5812, mgahawa wa chakula cha haraka ni 5814, kituo cha mafuta ni 5541, na pampu ya kujihudumia kwa kadi ni 5542. Ukinunua mchele kwenye duka kubwa linalouza kila kitu kuanzia sufuria hadi matairi, huenda msimbo wake si 5411, na asilimia 5 yako haipo. Kinyume chake, ukinunua betri ndani ya duka lenye 5411, benki inakuhesabia umenunua chakula. Mgahawa ulio ndani ya hoteli mara nyingi hupita kama hoteli. Ukilipa kupitia programu ya mtu wa kati, msimbo unaweza kuwa wa yule wa kati. Njia ya kujua haina ufundi wowote: nunua kitu kidogo kwenye kila sehemu unayotumia sana, subiri muamala uthibitishwe, kisha angalia benki imeupa kundi gani. Mimi nilifanya hivyo kwa wiki mbili, na sehemu mbili nilizodhani ni maduka ya vyakula hazikuwa.

Marejesho ya fedha taslimu hesabu yake nyepesi, 1 ni 1. Pointi na maili, yaani pointi za mashirika ya ndege, ni biashara nyingine. Pointi haina thamani mpaka uitumie, na thamani hiyo inategemea unaitumia wapi. Chukua tikiti ya ndege inayouzwa 420 taslimu. Kwa pointi wanataka 25,000, na bado utalipa 45 za kodi mfukoni. Toa 45 kwenye 420, gawanya 375 kwa 25,000: kila pointi imekupa 0.015, yaani senti moja na nusu. Kadi inayotoa pointi moja kwa kila 1 unayotumia inakupa asilimia 1.5, imepitwa na ile kadi ya msingi isiyo na mbwembwe. Lakini kama kadi hiyohiyo inatoa pointi tatu kwenye migahawa, hapo ni asilimia 4.5, na ni nzuri kweli. Kwenye hesabu hii, weka bei ambayo ungekubali kuilipa kwa fedha zako. Mtu ananiambia pointi zake zina thamani ya senti sita kwa sababu alikaa daraja la biashara kwenye kiti cha bei ambayo hata akiota asingeilipa. Kiti alikikalia, sawa, lakini hiyo siyo fedha aliyookoa.

Kuna benki zinazopanga kadi zake kama familia. Kadi mbili zisizo na ada zinakusanya pointi vizuri, ila ukizigeuza kuwa fedha thamani yake ni ya chini na haipandi. Ukiwa na kadi ya tatu ya benki hiyohiyo, yenye ada, unaruhusiwa kuzimwaga zote kwenye kapu moja na kuzihamishia kwenye mashirika ya ndege au hoteli, ambako zinaweza kwenda mbali zaidi. Hapo usiipime ile yenye ada peke yake, ipime familia nzima kwa pamoja. Na kama husafiri angalau mara moja kwa mwaka, familia hiyo waachie wenyewe. Pia usizirundike. Bei ya tikiti kwa pointi anaipanga mwenye mpango wa pointi, anaweza kuipandisha akitaka, nawe huna pa kulalamikia. Pointi hazizai riba, zikikaa zinachakaa tu.

Bonasi ya kujiunga ndiyo fungu kubwa kuliko yote, na hapa nawapa haki wenye matangazo. Kadi ikikupa 600 ukishatumia 3,000 ndani ya miezi mitatu, hiyo ni asilimia 20, hakuna kundi la matumizi linaloifikia. Kwa miezi hiyo mitatu sahau mpangilio wako wote, kila kitu kipitie kadi mpya. Ombi la kadi lipange lije kabla ya malipo makubwa uliyokuwa utayafanya vyovyote vile, kama bima ya mwaka au ada za masomo. Hakikisha tu anayelipwa hakuongezei gharama kwa kutumia kadi, maana nyongeza ya asilimia 2 au 3 inaimega zawadi yako. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo hakuhesabiki kwenye bonasi, na riba yake huanza siku hiyohiyo. Na usiombe kadi tatu kwa mwezi mmoja. Kila ombi huacha alama kwenye historia yako ya mikopo, na ukitarajia kuomba mkopo wa nyumba hivi karibuni, tulia kwanza.

Ukisafiri au kununua kwenye tovuti za nje, angalia kama kadi inatoza ada ya miamala ya nje. Mara nyingi ni karibu asilimia 3. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo.

Mimi mwenyewe niliwahi kufikisha kadi saba, najua ninachokisema. Mbili zilikuwa na makundi yanayobadilika kila baada ya miezi mitatu, na lazima uingie kwenye programu uyawashe, la sivyo unapata asilimia 1. Robo mbili mfululizo nilisahau. Kadi ya tano ilikuwa kwenye droo, siitumii, nikajisemea haina deni. Ada yake ya mwaka ikaingia kimyakimya, taarifa ikaenda kwenye anwani ya barua pepe ya zamani, na nilipogundua nilikuwa nimetozwa faini ya kuchelewa na riba juu yake. Faida niliyokuwa nimeikusanya kwa kubadilishabadilisha kadi kwenye kaunta mwaka mzima ikayeyuka kwa barua moja. Benki haikuwa na kosa, masharti yalikuwa yameandikwa.

Siku hizi nina tatu. Nimeandika kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plasta nyuma ya kila moja: "chakula mpaka 4,000", "migahawa", "vyote". Mke wangu ananicheka, lakini naye akichukua pochi yangu hakosei. Zote zimeunganishwa na akaunti ya benki zijilipe salio lote zenyewe, na ile yenye ada nimeiwekea kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla ya ada kukatwa. Kengele ikilia nafungua taarifa za mwaka, napiga hesabu ya ziada upya, siyo ya jumla. Isipolipa ada yake, nawapigia simu niwaulize kama wanaweza kuigeuza kuwa aina isiyo na ada, kabla sijafikiria kuifunga. Ikigeuzwa, akaunti kwa kawaida inabaki na umri wake, na kikomo cha mkopo hakipotei. Mwaka jana, kwa kadi nyingine, walikubali. Mwaka huu kengele italia mwezi ujao.