Maana ya mwitikio wa habari kwa sauti shuleni

Mwitikio wa habari kwa sauti ni zoezi ambalo mwanafunzi husoma au husomewa habari ya karibuni, kisha husimama mbele ya wenzake akaeleza kwa maneno yake mwenyewe habari hiyo inasema nini, imetoka kwa nani, na yeye anaipokeaje. Nusu ya kwanza ya zoezi hili inajulikana na karibu kila aliyewahi kupanga mstari asubuhi katika shule ya Tanzania au kusimama gwarideni katika shule ya Kenya, ambako mwanafunzi mwenye zamu huitwa mbele kusoma taarifa ya habari. Nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyoipa dhana hii jina, hufanyika mara chache, na kwa maoni yangu kusoma bila hiyo ni kama kupiga hodi na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Neno mwitikio linatokana na kuitika. Mtoto aliyeitwa na mama yake huitika "abee" au "naam", na kwa kuitika amekiri mambo mawili, kwamba amesikia na kwamba anayehitajiwa ni yeye. Katika hadithi, msimulizi akisema "paukwa" wasikilizaji hujibu "pakawa", na wasipojibu hadithi haianzi. Habari inatofautiana na hadithi kwa jambo moja kubwa: jibu lake halijapangwa. Kiitikio cha wimbo kinafahamika na kila mwimbaji kabla wimbo haujafika hapo, lakini anayeitikia habari hana maneno ya kuazima. Inambidi ayatafute papo hapo, watu wakimtazama.

Ugumu mwingine umo katika neno habari lenyewe, ambalo sisi hulitumia kutwa nzima katika salamu. Tunaulizwa habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za kazi, na jibu ni "nzuri", hata kama mjibuji amelala na homa. Ni adabu njema na haina ubaya wowote, ila mazoea hayo yakihamia kwenye habari za redio na magazeti, msikilizaji hupokea kila kitu kwa makofi yale yale. Ndiyo maana mwalimu anayeanzisha zoezi hili hulazimika kwanza kutenganisha maneno ambayo mtaani huchanganywa: taarifa, ambayo ina mtu au ofisi inayowajibika nayo, maoni, ambayo ni ya aliyeyatoa, na tetesi, ambazo hazina mwenyewe.

Tutazame jinsi jambo lilivyo paredini. Mwanafunzi wa kidato cha pili amepewa zamu, na jana jioni amenakili habari tatu kutoka gazetini kwenye karatasi aliyoichana katikati ya daftari. Anasogea mbele, anasimama wima na kuanza kwa mtindo wa watangazaji: "Ifuatayo ni taarifa ya habari. Kwanza muhtasari wake." Anasoma vichwa vya habari, anaingia kwenye habari kamili, anamaliza, anapigiwa makofi, na mwalimu wa zamu anaendelea na matangazo ya usafi wa madarasa. Niliwahi kuhudhuria paredi ya namna hiyo ambapo msomaji, mwenye sauti nzuri kabisa, alisoma kwamba Katibu Mkuu wa "um" amelaani mapigano, akiutamka ufupisho wa Umoja wa Mataifa kama mgumio wa mtu anayefikiri. Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kujibu chochote, na nina hakika wengi wetu tuliondoka pale tukiwa hatujui ni nani aliyelaani nini.

Kusoma kwa ajili ya wengine na kisha kuzungumza si jambo geni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza huko Dar es Salaam, lilifika mikononi mwa wachache waliojua kusoma, nao waliwasomea wasiojua. Mfano ulio karibu zaidi na dhana hii ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikusanyika kwa wiki 12 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kiongozi au mwanakikundi akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu inayohusika, kisha wote wakajadili yanahusianaje na kijiji chao na wakakubaliana la kufanya, iwe kuchimba choo au kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Waliokuwa wakijifunza pale walikuwa watu wazima, lakini mpangilio ni ule ule unaofaa darasani: sikia, soma, sema.

Sasa tuchukue habari moja tuone mwitikio unavyojengwa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa Tanzania Bara. Wakenya wana tangazo lao la aina hiyo, ambalo mamlaka yao ya nishati hulitoa tarehe 14 ya kila mwezi. Habari hii inafaa sana kwa wanafunzi kwa sababu inarudi kila mwezi, ina tarakimu, na inafika hadi kwenye nauli ya bodaboda.

Tuseme bei imepanda, mwanafunzi amesoma habari hiyo, na mwenzake anasimama kuitikia. Mara nyingi sentensi yake ya kwanza huwa: "Serikali imepandisha bei ya mafuta, na mimi naona si haki." Mwalimu asimzuie kuona hivyo, bali amrudishe hatua moja nyuma na kumuuliza habari imetumia kitenzi gani. Darasa likirudi kwenye maandishi litakuta kwamba mamlaka imetangaza, na kwamba katika tangazo hilo hutajwa bei za soko la dunia, gharama za kuleta mafuta nchini na thamani ya shilingi dhidi ya dola. Kutangaza na kupandisha ni vitenzi viwili, na kila kimoja kinamtaja mtendaji wa aina yake. Huenda baada ya kuyajua hayo mwanafunzi bado akashikilia kwamba si haki, labda kwa kuwa ndani ya bei hiyo mna kodi ambazo Serikali ndiyo inayozipanga; hapo hoja yake imepata miguu, na anayetaka kumpinga itambidi naye aziongelee kodi.

Swali la pili linahusu neno kikomo, ambalo wasomaji hulipita haraka. Bei kikomo ni mpaka wa juu ambao kituo hakiruhusiwi kuuvuka, na kituo kiko huru kuuza chini yake. Mwanafunzi anayesema "petroli sasa ni shilingi kadhaa kila mahali" amekosea mara mbili, kwanza kwa kuuchukua mpaka kuwa bei, na pili kwa kusahau kwamba kikomo hutofautiana kutoka wilaya hadi wilaya kulingana na umbali kutoka bandari mafuta yalikoshushiwa, iwe Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Kisha atasimama wa tatu na kutangaza kwamba kesho nauli za daladala zitapanda, naye aulizwe amelitoa wapi hilo, kwa sababu nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na habari iliyosomwa haikuitaja kabisa. Bodaboda ni jambo jingine. Pale nauli ni maelewano ya abiria na dereva, na mwanafunzi aliyeongezewa nauli asubuhi ile ana ushahidi wake mwenyewe, mradi aseme waziwazi kwamba anasimulia lililompata yeye na si lililoandikwa gazetini.

Kwa hiyo mwitikio una mpangilio, na mpangilio huo ndio moyo wa dhana yenyewe. Kwanza ni "habari inasema", pili ni "kwa mujibu wa fulani", na ndipo inapofuata "mimi naona". Anayeanza na "mimi naona" huwa anaitikia kichwa cha habari tu, na vichwa vya habari huandikwa kwa haraka na kwa shauku ya kuuza gazeti.

Zoezi hili lisichanganywe na mdahalo. Katika mdahalo mwanafunzi hupewa upande, atetee au apinge, na hushinda kwa kuutetea upande huo hata kama moyoni hakubaliani nao. Anayeitikia habari hana upande, na anaruhusiwa kumalizia kwa kusema "hapa sikuelewa", sentensi ambayo mdahaloni ingemgharimu alama. Kuhusu lugha, shule nyingi za sekondari za Tanzania husomesha habari za paredini kwa Kiingereza ili kukipa mazoezi, na hilo lina faida zake, lakini mwitikio ukidaiwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, watakaosema watakuwa wale wale watatu wa kila siku.

Uchaguzi wa habari una uzito wake pia. Walimu wengi huzikwepa habari za vyama vya siasa, na siwalaumu, ingawa nadhani habari za ajali zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi: basi lililopinduka huwa limebeba ndugu za watu, na inawezekana mmoja wao amesimama mstari wa tatu. Habari kama hiyo husomwa taratibu, na mwitikio wake waweza kuwa ukimya.

Sehemu ya mwisho ya dhana hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, nayo ni masahihisho. Magazeti yakikosea huomba radhi na kuchapisha masahihisho, mara nyingi kwa herufi ndogo na katika ukurasa usiotazamwa. Mwanafunzi aliyesema kwa sauti hana ukurasa wa kujifichia, kwa hiyo hupewa nafasi ya kurudi pale pale aliposimama, mbele ya watu wale wale, na kusema: "Jana nilisema bei kikomo ni bei ya kila kituo. Nimeuliza kituoni kwetu nikaambiwa wao wanauza chini yake. Nasahihisha."