Programu Isiyodai Akaunti Si Feki

"Fundi, hii umeniwekea ni feki, mbona haijaniuliza imeili?" Naulizwa hivyo kila mara hapa Kondele, Kisumu, hasa na watu niliowawekea LibreOffice. Ni programu halali ya bure, inafungua faili za Word, na haitaki jina lako wala namba ya simu. VLC nayo inacheza video bila kutaka kukujua. Kazi yote inafanyika ndani ya laptopu yako, sasa akaunti ya nini? Ukitaka feki, iko kwenye ile Office ya kraki, yaani iliyovunjwa ulinzi ili isilipiwe, mnayopeana kwa flashi. Hiyo ndiyo inayoniletea wateja wenye virusi.

Akaunti ina maana pale kitu chako kinapokaa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ya mwingine. Kwa barua pepe sibishi: lazima seva ijue sanduku lipi ni lako na nani aruhusiwe kulifungua. Programu ya kusomea barua hizo ni jambo jingine. Thunderbird unaipa anwani uliyo nayo tayari, inachota barua kwa IMAP na kuzituma kwa SMTP (njia za kawaida za kupokea na kutuma barua pepe), basi. Hujisajili kwa Thunderbird yenyewe. Ukikuta programu ya barua inayodai akaunti yake juu ya ile ya barua, uliza sababu, kwa maana baadhi hupitisha barua zako kwenye seva zao kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka zikusanywe data zinazohitajika tu kwa kazi husika. Tochi ya simu inahitaji tarehe yako ya kuzaliwa kwa kazi gani?

Wateja huniambia na mengine. "Simu ya Android haifanyi kazi bila Gmail." Inafanya. Ruka hatua hiyo unapoiwasha mara ya kwanza; utapiga simu na kutuma M-Pesa kwa menyu ya laini. Play Store ndiyo itakayodai akaunti.

"Nikisahau paswadi nafungua nyingine." Halafu iTax, mfumo wa kodi wa KRA, inatuma ujumbe kwa imeili ya zamani. Simu nayo ikirisetiwa (kufutwa yote) kwa vitufe inadai akaunti ile ile uliyoisahau, na mnanijia mimi mkidhani nina uchawi.

"Kijana wa saiba atanifungulia kwa namba yake." Basi msimbo wa kurejesha akaunti utaingia kwenye simu yake. Tumia laini yako, na paswadi uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.