Begi la Kwenda Mafunzo ya Bunduki: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kampuni za ulinzi zikitangaza nafasi Kampala, vijana huja kutoka Teso, Lango, Kigezi na Bugisu na mabegi yaliyopangwa kwa ushauri wa majirani. Mara nyingi ndani mna vitu vya kumfanya mtu aonekane askari, ila vya kumlinda askari havimo. Haya nayaandika kwa ajili ya yule anayekwenda kushika bunduki ndefu kwa mara ya kwanza, na kwa mama au kaka anayemsaidia kufunga mizigo.

"Beba nguo za mabaka, utaheshimiwa"

Ziache kabisa. Nchini Uganda mavazi ya jeshi, pamoja na yanayofanana nayo, si ya raia. Septemba 2019 serikali ilichapisha katika gazeti lake rasmi orodha ya mavazi ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, bereti nyekundu ikiwemo, na raia anayekutwa nayo anaweza kufikishwa mahakamani. Kusema kwamba koti ulilinunua soko la Owino kwenye mitumba hakutakuokoa.

Unachohitaji ni shati la mikono mirefu linalofungika hadi shingoni, suruali nzito na kofia yenye ukingo mbele. Bunduki inapofyatuliwa hutupa nje ganda la risasi likiwa la moto sana. Likimwingia kuruta kifuani kupitia kola iliyo wazi, ataruka na kugeuka na bunduki mkononi, na hapo hatari ni ya mstari mzima wa wanaolenga. Mikono mirefu ina kazi nyingine pia: utalenga ukiwa umelala kifudifudi juu ya changarawe, na viwiko vilivyo wazi vitachubuka siku ya kwanza tu.

"Masikio huzoea"

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu madhara yake hayaponi. Mlio wa bunduki karibu na sikio la mpigaji huzidi desibeli 150. Kuanzia kama 140, mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10, kwa hiyo tofauti ya 140 na 160 ni mara 100. Ndani ya sikio kuna chembechembe zenye vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Anayekuambia "nimezoea" kwa kweli amepoteza sehemu ya usikivu wake, na ule mlio mwembamba anaousikia usiku akilala ni dalili ya kuumia.

Wengi hubeba pamba. Pamba hupunguza sauti kidogo tu, isikudanganye. Tafuta viziba masikio vya sponji, vile wanavyovaa mafundi viwandani, na uangalie kwenye pakiti kama vinapunguza sauti kwa desibeli 30 hivi. Vina namna yake ya kuvaliwa: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika mpaka kivimbe. Kikining'inia nje hakikufai kitu. Ukimudu, ongeza vile vikinga vya kufunika sikio zima vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, uvivae juu ya viziba. Huongeza desibeli chache tu, lakini kimoja kikisogea kingine bado kipo. Usivivue eti zamu yako imekwisha. Anayepiga jirani yako anakuumiza vilevile.

Na fikiria kazi unayoiendea. Mlinzi wa usiku getini hutegemea masikio kuliko macho. Kampuni inayomfundisha kijana bila kumkinga masikio inaharibu chombo chake cha kazi kabla hajaanza kulipwa, na nadhani kuruta ana haki ya kuliuliza hilo kwa adabu siku ya kwanza.

"Miwani ya jua inatosha"

Ile ya barabarani inaweza kuvunjika na kukurudishia vipande machoni. Chukua miwani ya kazi isiyovunjika kwa kugongwa, iliyoziba pembeni, na iwe ya kioo cheupe ili ikufae hata wakati wa mawingu.

"Nunua buti mpya kwa siku hiyo"

Buti mpya kwa mchakamchaka wa asubuhi ni malengelenge kufikia jioni. Buti za mitumba zilizokwisha kulainika ni bora, au nunua mpya mapema uzitembelee nyumbani na shambani kwa majuma kadhaa. Soksi nene ziwe pea za kutosha kubadilisha, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Gambuti ni za matope ya kambini, kukimbilia hazifai.

Kuna pia wanaoficha kachupa ka waragi begini ili mikono isitetemeke. Pombe hupunguza umakini na kumpa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao akishika silaha, na mkufunzi makini atakurudisha nyumbani papo hapo. Mikono hutulia kwa chai, chakula, usingizi na maji ya kunywa.

"Moshi wa baruti hauna shida, jifute tu kwenye suruali"

Moshi na vumbi la renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, hubeba madini ya risasi (kwa Kiingereza, lead), mengine kutoka kwenye kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, mengine kutoka kwenye kichwa chake. Hiyo ni sumu inayoingia mwilini kwa pumzi na kwa mdomo. Mtu akitoka kulenga shabaha akashika rolex yake (chapati iliyoviringishiwa mayai) kwa mikono ileile, anaila pamoja na hiyo sumu. Beba sabuni na maji yako ya kunawa ndani ya jerikeni ndogo, unawe mikono na uso kabla ya kula au kuvuta sigara. Nguo za renji zitie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) peke yake na uzifue mbali na za wengine. Mwenye watoto wadogo abadilishe nguo kabla ya kuwabeba, kwa maana sumu hii hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima.

"SMG nani asiyeijua?"

Wengi wameiona tu. Kwenye AK, ambayo Uganda huitwa SMG, kile kipini cha usalama kikiwa juu kabisa kimefunga. Ukikishusha hatua ya kwanza ni risasi mfululizo, na ya moja moja ni chini kabisa. Asiyefundishwa hudhani ni kinyume chake. Vilevile, kutoa magazini (kasha la risasi) hakuifanyi bunduki kuwa tupu, kwani risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa. Kila bunduki ichukulie kuwa ina risasi, mtutu usielekee mtu, na kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Daftari dogo na penseli vitakusaidia kuyaandika haya yakiwa bado mapya kichwani.

Bunduki na risasi hubebi wewe. Ni za wenye kibali. Na siku ya kufunga begi kurudi nyumbani, kung'uta mifuko yote, soksi na mikunjo ya suruali. Risasi nzima iliyosahaulika, au iliyowekwa iwe kumbukumbu, ni kosa chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1970 kwa asiye na kibali, na kizuizi cha polisi barabarani hakitasikiliza hadithi ya kumbukumbu. Ukiikuta, mkabidhi mkufunzi kabla hujatoka getini.